Kesho Haina Mwisho

Mimi ni karani, na kazi yangu ni kuketi. Mwaka jana daktari aliniamuru nitembee kwa haraka nusu saa kila siku, kwani shinikizo la damu lilikuwa limepanda. Kila alfajiri hapa Mabanga nilisema, "Leo umande ni mwingi, nitaanza kesho." Miezi mitatu ikapita hivyo.

Ndipo nilipomkabidhi mke wangu ufunguo wa baiskeli, nikawa sina budi kwenda kazini kwa miguu. Kila nilipotaka kurudi njiani, nilimkumbuka Kipchoge Keino, aliyekuwa mgonjwa huko Mexico mwaka 1968, lakini akazimaliza mbio za mita 1,500 akiwa wa kwanza.

Sasa shinikizo limeshuka, umande ungalipo. Ndugu zangu, tusingoje moyo upende. Miguu ikitangulia, moyo hufuata.