Kivumbasi na Mpaka Wake

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Aliyeotesha katika ardhi mimea yenye manufaa kwa viumbe Vyake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, twapenda mwezi huu kuzungumza habari za jani ambalo nyumba chache sana hapa Makanyagio, mjini Mpanda, hazilijui, nalo ni kivumbasi. Hakuna alipandaye. Mvua zikianguka huota lenyewe kando ya njia na katika viwanja visivyojengwa, na mtoto akipita akaligusa kwa kanzu yake, harufu humfuata mpaka chuoni.

Kivumbasi ni ndugu wa mrehani wa bustanini. Waarabu huuita mmea wenye harufu nzuri raihani, na neno hilo limetajwa katika Kurani Tukufu mahali pawili, katika Sura Ar-Rahman aya ya 12 na Sura Al-Waqia aya ya 89. Tena katika mafundisho ya Mtume imo adabu ya kutoirudisha zawadi ya raihani. Basi Mwislamu hana sababu ya kulidharau jani hili kwa kuwa ni la porini.

Manufaa yake ni mengi. Jioni watu huweka matawi yake mlangoni, au huyatia juu ya makaa ili moshi ufukuze mbu. Wakulima huchanganya majani yaliyokauka na mahindi au maharage ghalani ili kuwazuia fukusi. Mwenye mafua huchemsha majani, akajifunika shuka na kujifukiza mvuke wake mpaka kifua kikafunguka. Wataalamu nao wamelichunguza. Katika aina moja ya kivumbasi wamekuta mafuta yenye yujenoli, ambayo ndiyo yaipayo karafuu ya Unguja na Pemba harufu yake. Na utafiti uliofanywa kaskazini-mashariki mwa Tanzania, ukachapishwa mwaka 1429 Hijria, yaani 2008, ulionyesha kuwa mimea ya jamii hii huwafukuza mbu kweli. Wazee wetu, basi, hawakuwa wakisema uongo.

Lakini lipo jambo la pili, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Watu wamelipa jani hili kazi ambayo Mola wake hakulipa. Huzungushwa kichwani mwa mgonjwa ili litoe shetani. Hushonwa ndani ya hirizi. Mganga hulichovya katika maji, akanyunyiza nyumba nzima, kisha akamtaja jirani kuwa ndiye mchawi. Mtume ametuonya tusiwaendee wapiga ramli, na madhara yao tumeyaona katika nchi yetu. Mwezi wa Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku, kwa sababu ya damu iliyomwagwa ya ndugu zetu wenye ualbino. Na katika mikoa hii ya magharibi wameuawa pia bibi vizee, ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu, nayo aghalabu huwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi.

Ila katika nyumba nyingi hatari huja kwa upole kuliko hivyo, nayo huja kwa jina la degedege. Mtoto hushikwa na homa kali, macho yakageuka, viungo vikatetemeka na kukakamaa. Wazee husema amepitiwa na ndege wa usiku. Basi huogeshwa kwa maji ya kivumbasi, hufukizwa, na huambiwa wazazi wake kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa.

Masika mmoja tuliitwa usiku nyumbani kwa mwanafunzi wetu, binti ambaye alikuwa bado katika alifu na bee. Tulimkuta bibi yake amempakata, na beseni la kivumbasi liko miguuni pake. Akatuambia, "Mwalimu, msomee mjukuu wangu. Kapitiwa na ndege, na sindano itamwua."

Tukamjibu, "Bibi, tutamsomea njiani. Jani lako halina ubaya, nawe umefanya uliloliweza. Sasa mpe mama yake amfunge mgongoni, twende hospitali."

Tulikwenda naye tukisoma Al-Fatiha. Walimpima damu, wakaona malaria, wakamchoma sindano. Siku ya tatu aliomba uji. Lakini masika huo huo, mtaa wa pili, mtoto mwingine wa rika lake alifukizwa siku mbili ndipo akapelekwa. Naye alichomwa sindano ile ile, akafariki alasiri, na sisi tulikuwa miongoni mwa waliomteremsha kaburini. Matangani tulisikia watu wakinong'ona kwamba sindano imemwua. Hapo ndipo ilipozaliwa imani hiyo: wanaocheleweshwa hufa mikononi mwa daktari, na lawama hupewa dawa ya mwisho kuonekana.

Wala asidhani mtu kwamba hospitali na majani ni maadui. Dawa mseto, iliyochaguliwa nchini mwetu mwaka 2006 kuwa dawa ya kwanza ya malaria, ina asili yake katika mmea wa jamii ya pakanga. Bibi mmoja wa China, Tu Youyou, alisoma habari zake katika kitabu cha tiba cha karne ya 4, akaufanyia majaribio mengi, akapata dawa, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Ndani ya jani lile alitafuta lile Mungu aliloliweka, akalipima mpaka akajua kiasi chake. Kivumbasi nacho kina kiasi chake: humfukuza mbu, lakini vijidudu vya malaria vikishaingia katika damu ya mtoto, moshi wa mlangoni hauvifikii.

Basi, enyi akina mama na akina baba, wekeni kivumbasi mlangoni, na chandarua kitandani. Hifadhini nacho nafaka zenu. Mtoto akipata homa, msomeeni Kurani na mumpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, msingoje degedege. Na mtu akiwaambia kwamba jani limemtaja jirani yenu, ondokeni mbele yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu, Mponyaji wa kweli, awalinde watoto wetu na atujalie kuzitumia neema Zake kwa namna Aipendayo. Amina.