Gita la Nazareti

Katika nyumba za wazee wetu wa Katanga huonekana mara kwa mara gita kuukuu limetundikwa ukutani, nyuzi zimekatika, vumbi limejaa tumboni. Tusistaajabu, kwa kuwa nchi yetu ni nchi ya magita. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika kurekodi nyimbo, alimkuta kijana Mwenda Jean Bosco akipiga gita njiani katika mji wa Jadotville, ndio Likasi ya leo. Wimbo wake «Masanga» ulitolewa katika sahani za Gallotone, ukasikika mbali sana. Baada yake watu walisikia vidole vya Edouard Masengo na vya Losta Abelo, na vijana wengi wakatamani kuwa na gita lao wenyewe.

Nasi tulikuwa na tamaa hiyo tangu tulipofundishwa seminarini kusindikiza nyimbo za kanisa. Leo tunataka kuwasimulia jinsi tulivyopata gita la thamani kubwa, na jinsi lilivyotusumbua rohoni.

Mama mmoja mjane, mkaaji wa Kikula mjini Likasi, mwenye miaka themanini na zaidi, alituita nyumbani kwake. Mvua ilikuwa ikiingia katika chumba alicholala, naye alitaka kuuza vitu vichache vya marehemu mume wake. Akatuonyesha gita. Kichwa chake kilikuwa kimepakwa rangi ya kijani, ile inayopakwa milangoni. Daraja linaloshika nyuzi lilikuwa limebanduka kwa joto, na mtu alikuwa amelikaza kwa parafujo mbili nene. Tulidhani ni moja la yale magita ya bei nafuu yaliyoletwa zamani kutoka Afrika ya Kusini.

Mama akatuuliza: «Mwalimu, wewe umesoma. Kitu hiki bei yake ni nini?»

Tulijibu bila kufikiri: «Mama, ni dola 40.»

Akasema: «Kama wewe umesema hivyo, ni sawa.» Tukalipa, tukaagana naye, tukaenda zetu kwa furaha.

Wasomaji, liwekeni moyoni neno hilo la mama, kwa maana ndilo lililotutesa baadaye.

Tulipofika nyumbani tulianza kulisafisha. Tulitumia kitambaa kikavu tu, wala hatukuthubutu kutumia maji. Mbao za mgongo na za mbavu zilikuwa za mahogani. Ule wa mbele ulikuwa mwepesi na mweupe, wa mti wa jamii ya msonobari. Hapo tulianza kushangaa. Yale magita ya Gallotone tuliyoyajua yalitengenezwa kwa mbao za tabaka zilizogandamanishwa kwa gundi, na ndani yake iliweza kubandikwa karatasi ya kuahidi kwamba hayatapasuka. Ukitazama ukingo wa tundu la sauti katika ubao wa tabaka, utaona mistari ya tabaka zake. Katika gita letu hapakuwa na tabaka. Nyuzinyuzi za mti zilipita toka juu hadi ndani bila kukatika. Ulikuwa ubao mmoja halisi.

Basi tukachukua taa na kioo kidogo cha kunyolea ndevu, tukakiingiza katika tundu la sauti. Chini ya ubao wa mbele tuliona vijiti viwili vikubwa vilivyopishana, mfano wa msalaba wa Mtakatifu Andrea. Katikati ya mgongo palikuwa na maandishi yaliyopigwa muhuri katika mti wenyewe: C. F. Martin & Co., na chini yake jina la mji, Nazareth. Juu, katika kipande cha mti kinachoshika shingo, palikuwa na alama 00-18, na chini yake nambari ya tarakimu sita.

Tuwaeleze kwa ufupi. Christian Frederick Martin alizaliwa mwaka 1796 katika mji wa Markneukirchen, nchi ya Saksonia, katika ukoo wa maseremala. Huko mafundi wa fidla walitaka kuwazuia maseremala wasitengeneze magita, wakidai kazi hiyo ni yao peke yao. Mwaka 1833 Martin alivuka bahari, akafungua duka New York. Kisha akahamia Nazareth, mji mdogo wa jimbo la Pennsylvania, uliojengwa na wakristu Wamoravia na kupewa jina la mji wa Bwana wetu. Magita ya ukoo huo yangali yakitengenezwa huko. Alama 00 yaonyesha ukubwa wa mwili, na 18 yaonyesha namna ya mbao na mapambo. Nambari nayo yaonyesha mwaka, kwa kuwa kampuni imetoa orodha kwa watu wote: nambari ya mwisho ya mwaka 1953 ni 134501, na ya mwisho ya mwaka 1954 ni 141345. Yetu ilikuwa katikati ya hizo mbili. Basi gita lilitengenezwa mwaka 1954.

Lakini mtu mwenye busara haamini shahidi mmoja. Karatasi huweza kubandikwa na mdanganyifu, na jina huweza kuandikwa kichwani mwa gita lolote. Kwa hiyo tulilipeleka Lubumbashi kwa fundi wa kuaminika. Akalipima, akachungulia vijiti, akalinganisha alama, nambari, mbao na funguo za kukazia nyuzi. Mashahidi wote walipatana. Akatuambia kwamba rangi ya kijani na zile parafujo zimeliondolea sehemu kubwa ya bei. Hata hivyo lingaliweza kuuzwa kwa zaidi ya dola elfu moja.

Usiku ule hatukulala vizuri. Mara tulifurahi, mara tulisikia sauti ya yule mama: «Wewe umesoma.»

Mwalimu mwenzetu tuliyemfunulia jambo hili alicheka, akasema: «Ndugu, ulinunua kwa haki, mbele ya macho yake. Je, kama lingekuwa gita bovu, mjane angekurudishia fedha zako?» Maneno hayo yalitupendeza, nasi tuliyakumbatia siku nyingi. Ni kweli kwamba hatukudanganya. Siku ya kununua hatukujua, na asiyejua hakutenda kosa la wizi.

Lakini tulipolichunguza jambo hilo vizuri, tuliona pengo. Sokoni muuzaji hutaja bei yake, na mnunuzi hutaja yake, nao hukutana katikati. Mama huyu hakutaja bei. Alituuliza sisi kama mtu amwulizavyo mganga habari ya ugonjwa wake. Nasi tulikuwa mnunuzi na mwamuzi kwa wakati mmoja, tukatoa hukumu pasipo hata kuchungulia ndani. Kama sasa tunajua, na bado tunanyamaza, basi kutojua kwetu kwa jana kumegeuka kuwa hila ya leo. Tulimkumbuka Zakayo, ambaye hakungoja kushtakiwa ndipo arudishe.

Tuseme ukweli wote: tulikuwa tumelipenda gita lile. Sauti yake ilikuwa ya upole na ya wazi, kila uzi ukisikika peke yake. Lakini tangu siku ile ya Lubumbashi hatukulipiga tena. Mama wa watoto wetu aliliona hilo, akatuambia: «Kitu usichoweza kukitumia bila kuinamisha uso si chako.» Kesho yake tukachukua gari kwenda Likasi.

Tulimkuta mama amekaa mlangoni. Baada ya kumsalimu tuliweka gita magotini pake, tukamweleza habari yote, na bei pia. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza: «Umesema linatoka mji gani?»

Tukajibu: «Nazareth, mama. Si ule wa Bikira Maria. Ni mwingine, wa Amerika.»

Mama akajifunika uso kwa kitenge, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Marehemu mume wake alikuwa mpishi wa mmisionari mmoja Mmarekani, aliyempa gita lile alipokuwa akirudi kwao. Tangu siku hiyo mume alikuwa akiwaambia rafiki zake: «Gita langu ni la Nazareti.» Nao walimdhihaki, wakisema pombe imempanda kichwani. «Hata mimi mwenyewe,» mama akasema, «nilimwambia aache kulicheza jina takatifu. Kumbe alikuwa akisema kweli miaka yote.»

Wasomaji, moyoni tulikuwa na tumaini moja ambalo hatukulisema. Tulitumaini kwamba mama, kwa kuona uaminifu wetu, angesema: Mwanangu, libaki kwako. Hakusema hivyo. Alisema: «Mwalimu, nyumba inavuja, na mjukuu wangu amefukuzwa shuleni kwa ajili ya karo. Unisaidie liuzwe.» Akaingia chumbani, akarudi na dola zetu 40, kumi ambazo alikuwa bado hajazitumia na thelathini alizokwenda kukopa kwa jirani, akatuhesabia mkononi. Tulitaka kukataa, akatukazia macho, tukazipokea.

Kabla hatujaondoka aliomba tulipige mara moja. Tulilipiga taratibu, kwa vidole viwili, kwa mtindo wa zamani wa Katanga, naye alitikisa kichwa akitazama njiani, kama mtu anayemngoja mwenziwe arudi kazini.

Fundi wa Lubumbashi alipata mnunuzi mwaminifu, aliyelipa zaidi ya mara thelathini ya fedha tuliyokuwa tumetoa. Deni la jirani limelipwa, nyumba ya mama ina mabati mapya, na mjukuu yumo darasani. Sisi tuna gita jingine la kawaida, ambalo sauti yake si nzuri kama ile. Tunalipiga kila Jumapili.

Enyi wakristu wenzetu, na ninyi wanafunzi wetu, pokeeni mashauri machache. Mkirithi gita kuukuu, msilipake rangi, msilitoboe kwa misumari wala parafujo, msiliache karibu na moto wala juani. Chungulieni ndani kwa taa na kioo, mkaandike alama na nambari zote mtakazoziona. Waulizeni wazee lilikotoka, na msiwacheke kabla ya kuchunguza. Habari ya kweli ya kitu huweza kuwa na thamani kuliko mti wake: gita moja la Gallotone, lililokuwa la bei ndogo tu, liliuzwa mwaka 1999 mnadani London kwa pauni 155,500, kwa sababu lilijulikana kuwa lilikuwa la kijana John Lennon.

Na ninyi mliopata bahati ya kusoma, angalieni sana. Wazee wetu wakituuliza bei, au maana ya barua, au mahali pa kutia sahihi, wanatukabidhi mali yao pamoja na imani yao. Mali twaweza kuirudisha siku yoyote, lakini imani ikisha kuvunjika, hatujui fundi awezaye kuiunga.