Mantapala: Kiswahili Kando ya Ziwa Mweru

Msafiri atokaye Mansa, makao makuu ya jimbo la Luapula nchini Zambia, hupita Mwense na Mwansabombwe, kwenye ikulu ya Mwata Kazembe, ndipo afike Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru. Ng'ambo ni Kongo. Watu wa pwani walikwisha kufika huku zamani: Livingstone alipoingia kwa Kazembe mwaka 1867, alimkuta mfanyabiashara Mohammed bin Saleh.

Tangu Agosti 2017, mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika yaliwafanya maelfu ya Wakongo wavuke mpaka. Walipokewa kwanza Kenani. Kisha, mwaka 2018, yakafunguliwa makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo. Hayakukusudiwa kuwa kambi ya kungojea posho tu. Familia zilipewa ardhi ya kulima, na huduma za shule na tiba zikapangwa ziwafae wakimbizi na wenyeji pamoja.

Ndugu msomaji, mfikirie kijana wetu aliyesomea Kiswahili chuoni, akaenda mahali kama hapo kujitolea kuwa mkalimani. Atadhani kazi ni nyepesi. Mara atasikia "bantu" badala ya watu, na "bintu" badala ya vitu. Akianza kuwasahihisha wazee, amekwisha kuharibu kazi yake, kwani hicho ndicho Kiswahili chao cha Katanga, nao ndio waliobeba msiba wa kusimuliwa.

Upande wa pili wako wenyeji, wasemao Kibemba. Lugha hizi ni ndugu, na undugu huo una mitego yake. Kwa Kibemba "ukupona" ni kuanguka. Mama mwenyeji akimwambia mganga kwamba mtoto wake ameanguka, sikio la Mswahili laweza kusikia kwamba mtoto amepona, na mgonjwa akarudishwa nyumbani na mfupa uliovunjika! Askari aliyepata kulinda mpakani anajua jinsi neno moja lililosikiwa vibaya linavyoweza kumgeuza mtu mwema kuwa mshukiwa.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, ziara ya wiki mbili haifai kitu. Mgeni huondoka sikio ndilo kwanza linafunguka. Afadhali akae miezi, chini ya wakimbizi wenyewe wanaojua lugha zote mbili, kwani wamo waliokuwa wakisema Kibemba tangu kwao. Aanze kwa kuamkia "mwapoleni mukwai", anyamaze, asikilize, na kabla ya kufasiri aulize tena.

Jikoni atajifunza upesi zaidi. Kisamvu chetu, Mkongo hukiita sombe na Mbemba hukiita katapa. Ugali ni bukari kwa mmoja, ubwali kwa mwingine. Na vile visamaki vidogo vya Mweru, vianikwavyo juani kama dagaa wa Kigoma, huitwa chisense.