Si Kila Kikohozi cha Mzee ni Kifua Kikuu

Jumapili moja baada ya ibada, sisi akina mama wa kanisa hapa Ibadakuli tulikwenda kumwona mzee mgonjwa. Ujanani alichimba dhahabu upande wa Geita, na sigara hakuiacha. Alikwisha kumeza dawa za kifua kikuu, ingawa makohozi yake hayakuonyesha vijidudu. Bado alikohoa damu na kukonda.

Tulisali, tukaimba. Wakati wa kuaga, mke wa mwanawe akatunong'oneza kuwa tangu juzi miguu ya mzee imelegea, na mkojo hautoki.

"Ni uzee tu, mama," alisema.

Nasi, wauguzi tukiwamo, tulikwenda zetu. Usiku hatukulala. Alfajiri tulimrudia, tukasafiri naye hadi Bugando, Mwanza. Picha ya kifua na kinyama kilichopimwa vilionyesha saratani ya mapafu, nayo ilikwisha kubana uti wa mgongo. Mionzi ilimpunguzia maumivu, lakini hakutembea tena. Siku ile moja tuliyoipoteza inatuuma hadi leo.

Vumbi la miamba lenye silika huleta saratani ya mapafu. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walilithibitisha hilo mwaka 1997. Vumbi hilo hilo hurahisisha kifua kikuu. Ndiyo maana ugonjwa mmoja huuficha mwingine. Dawa zisipomsaidia mzee, omba apimwe upya.

Mama mpendwa, ukimwuguza mwenye saratani hii, usingoje kesho ukiona miguu inalegea au mkojo umeziba, uso na shingo vimevimba, au anakohoa damu nyingi. Akihema kwa shida, pengine maji yamejaa kifuani, na daktari aweza kuyatoa. Kiu kali na kuchanganyikiwa huenda ni kalsiamu iliyozidi katika damu, nayo hutibika.

Nyumbani, mwegemeze kwa mito, fungua dirisha, mpepee usoni. Usiiogope mofini ya kunywa. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari haiharakishi kifo. Hufunga choo, basi omba na dawa ya kulainisha.

Mzee wetu alifariki kitandani pake, ametulia, wajukuu wakiwa kando. Siku chache kabla alitushika mkono: "Mayu, sasa nalala usingizi."

Tuombe, akina mama, huku macho yetu yakimtazama mgonjwa.