Simu ya dogo, na stori ya raga

Jana usiku dogo kanipigia toka Nkowe. Yuko kidato cha tatu, anataka kuacha shule akacheze mpira. Tangu Namungo ya kwetu Ruangwa ipande Ligi Kuu mwaka 2019, kila kijana kule anajiona staa. Na mzee anategemea korosho kutusomesha!

Sikumgombeza. Nikampa stori ya raga ya wachezaji saba, ya ndugu wawili wa Kenya: Collins Injera na kaka yake Humphrey Kayange. Aprili 2016 kule Singapore, Kenya iliichapa Fiji 30–7 kwenye fainali.

"Fiji ndo akina nani?"

Nikamwambia ni wale waliochukua dhahabu ya Olimpiki Rio mwaka huohuo. Akaguna. Mwezi uliofuata, London, Injera akawa kinara wa trai wa muda wote kwenye mashindano ya dunia, mpaka alipopitwa 2017.

Ila mimi nilikuwa namsubiria kwa Kayange. Nahodha wa timu ya taifa, na bado akasoma kemia hadi shahada ya pili. Mwaka 2021 akaingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Dogo kimyaa. Halafu: "Kaka, mi nikitoka shule naenda shambani. Hayo mazoezi nafanya saa ngapi? Na wewe ukiwa mwalimu, utaturuhusu?"

Kabla sijajibu, salio lake likakata. Leo nimenunua vocha, bado sijapiga.