Taa za muchana kwenye dirisha letu, Goma

Wale wanaonisikiliza kwenye redio wananijua kwa habari za barabara, bei ya makala na vikao vya wakubwa. Leo ninawaandikia juu ya dirisha la nyumba yangu. Ni dirisha dogo lenye vioo vine, upande ule jua linapotokea. Kioo kimoja kilipasuka katika mwezi wa tano 2021, siku zile ardhi ya Goma ilikuwa inatetemeka muchana na usiku kiisha Nyiragongo kutapika. Tulifunika pale kwa kipande cha plastiki, ile inayopitisha mwanga lakini huoni kitu inje. Vioo vingine vitatu vilibaki.

Kwenye hivyo vitatu, katika likizo kubwa ya mwaka 2022, mimi na binti yangu tulitundika vitu vya rangi ambavyo jua la asubuhi linapita ndani yake na kupaka nyumba. Yeye anaviita taa za muchana. Mutoto wa Goma anajua taa ya usiku isivyoaminika, kwa hiyo jina hilo nililikubali bila kubishana.

Nilikuwa nimeona kitu kama hicho katika masomo moja ya watoto wadogo, nilipoenda kufanya ripoti juu ya mambo mengine kabisa. Mwalimu alikuwa amebandika karatasi za rangi kwenye dirisha, na watoto walikuwa wanagombania kukaa pahali pekundu. Nikafikiri: hiki tunaweza kukifanya nyumbani, hakiombi pesa.

Na kweli hakikuomba nyingi. Tulikusanya chupa za maji, zile nyeupe za plastiki, na karatasi za bombo. Bibi yangu alikuwa na karatasi laini za rangi zilizobaki kiisha ndoa ya mudogo wake. Kilichonunuliwa ni kole nyeupe na uzi, Birere, pamoja na rangi kidogo ya kutia katika keki.

Tulijifunza kwanza kwamba kila kitu ni lazima kiinuliwe juu mbele ya jua kabla ya kukikata. Karatasi ya bombo inaweza kungaa sana mukononi, lakini ukiinua unaona ina utando wa fedha ndani, haipitishi kitu. Hizo tulitupa, ijapokuwa ndizo nzuri zaidi kwa macho. Karatasi ya kawaida, hata ya kaye, ukiipaka mafuta ya kupikia kidogo kwa kidole na kuipanguza, inaacha mwanga upite. Binti yangu aliona hilo kama uchawi, akapaka mafuta kwenye kila karatasi iliyokuwa karibu, pamoja na kipande kimoja nilichokuwa nimeandikia namba za simu za watu wa kuhoji.

Kole tuliitia katika vifuniko vya makopo, tukachanganya na tone moja la rangi, tukaacha. Mara ya kwanza tulimwaga nyingi sana, ikakaa siku tatu bila kukauka katikati. Ikiwa nyembamba, siku moja ao mbili inatosha, na unaibandua kama ngozi ya maziwa. Chupa ilitutesa. Nilitaka kuikata kwa kisu cha moto, moshi ukajaa nyumba, tukafukuzwa inje. Kiisha tukatumia makasi, na kando za kipande ambazo zilikuwa zinakata vidole tukazigusisha kidogo kwa pasi ya makala, zikajikunja zenyewe. Kazi ya pasi ni ya mutu mukubwa, nawaambia mapema.

Rangi nazo ziko na tabia yake. Ukilaza kipande cha buluu juu ya cha manjano unapata kijani, lakini ukilaza buluu juu ya nyekundu unapata karibu giza. Kila kipande kinazuia sehemu ya mwanga, na viwili vikikutana vinaweza kuzuia karibu wote.

Hapo kwenye nyekundu ndipo nilipoona kitu. Nilikuwa nimepanga vipande kwa mafungu, na fungu la nyekundu lilikuwa linapotea. Nikiongeza, linapotea. Nikatazama: binti yangu alikuwa anazitia moja moja katika kopo la majarini, na kopo amelikalia.

Nikamuuliza sababu. Akasema nyekundu haipaswi kuwa dirishani.

Alikuwa na miaka sita wakati huo. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho, alikuwa na mitano. Kama saa moja ya mangaribi mbingu upande wa mulima ilikuwa nyekundu kuliko tulivyozoea, na watu wakaanza kutoka na magodoro kichwani. Mimi nilichukua mashine ya kunasa sauti, nikapanda moto, nikaenda upande wa Buhene, kule wengine walikokuwa wanakimbia kutoka. Bibi yangu alichukua watoto watatu na mufuko mumoja, akavuka nao Gisenyi kwa Petite Barrière. Simu yangu ilikuwa na kazi usiku kucha, nilikuwa natuma habari. Niliona jina lake likiita, mara nyingi. Nilimujibu kulipokucha, wakati lava ilikuwa imesimama mbele ya kuingia katikati ya muji, na nilikuwa nimesharudi nyumbani nikakuta mulango umefungwa kwa kufuli na ndani kimya.

Nilipata pongezi kazini kwa usiku ule. Sikuwahi kuuongelea nyumbani, na hakuna mutu aliyeniuliza.

Sasa akaniuliza yeye, tukiwa tumekaa chini kati ya vipande vya chupa.

«Papa, wewe ulienda kwenye ile nyekundu?»

Nikasema ndiyo, ilikuwa kazi.

«Na sisi tukaenda upande mwingine.»

«Ndiyo.»

«Mimi nilifikiri imekukula.»

Kwenye redio niko na jibu la swali kama hilo. Wakaaji wana haki ya kujua, mutu fulani ni lazima aende kuona. Ni jibu la kweli na ningelitoa hata leo. Lakini nilikuwa nimeshika makasi, na mbele yangu kulikuwa mutoto aliyekaa juu ya kopo. Mimi mwenyewe nilikuwa na miaka 13 lava ilipopita katikati ya Goma na kufika ziwani, mwezi wa kwanza 2002. Baba yangu alinishika kifundo cha mukono tangu mulangoni mpaka Gisenyi, kwa nguvu hata alama za vidole vyake zilibaki kesho yake. Nilikuwa nalalamika njia nzima kwamba ananiumiza.

Nilimuambia binti yangu kwamba nilipaswa kujibu simu ya mama yake, na kwamba nilikosea. Bibi yangu alikuwa anachambua maharagi karibu na mulango. Mikono yake ilisimama kidogo, kiisha ikaendelea.

Tulitundika bila nyekundu. Asubuhi, tangu saa kumi na mbili na nusu mpaka karibu saa mbili, jua linapita chini kutoka upande wa Rwanda, na nyumba inakuwa ya kijani na manjano: ukuta, sahani, mugongo wa mutoto mudogo anayelala bado. Kiisha jua linapanda, na huku kwetu linapanda haraka, na kila kitu kinarudia rangi yake. Watoto wa majirani walikuja kutazama, juma lililofuata karatasi za bombo hazikuonekana tena chini katika avenue yetu. Mama mumoja alisimama inje, akaniuliza kwa sauti ya chini ikiwa ile ni dawa, na ni ya kufukuza nini.

Mvua ilipoanza katika mwezi wa tisa, zile za kole zikalainika, zikawa nyeupe kama usaha, zikaanguka. Za mafuta zilishika vumbi. Za chupa ziko pale mpaka leo. Kopo la majarini liko chini ya kitanda chake, na sijalifungua.

Usiku mwingine wingu juu ya mulima linakuwa jekundu tena. Mara ya mwisho lilipoonekana vizuri nilikuwa uwanjani na binti yangu, akanishika mukono, akauliza ikiwa niko na kazi. Nilikuwa nayo. Niliisomea kwa simu pale pale, nimekaa kwenye jiwe mbele ya mulango. Mukubwa wa redio alilalamika kwamba mutoto wa jirani anasikika akilia katika ripoti nzima.