Vitofali vya Utotoni

Tumewaona watu wazima wakivitamani vitofali vya kuchezea vya utotoni mwao, kisha wakaona haya kukiri. Haya hiyo haina msingi. Baada ya maonyesho ya Philadelphia ya 1876, mama yake Frank Lloyd Wright, msanifu majengo mashuhuri wa Marekani, alimnunulia mwanawe vipande vya mbao vilivyobuniwa na Froebel, mwalimu Mjerumani. Katika kitabu cha maisha yake cha 1932, Wright alieleza jinsi vidole vyake vilivyoendelea kuvikumbuka. Vidole, wala si kichwa! Ndiyo maana hutuuma kumwona mwalimu akivikusanya vipande mara hesabu ya kujumlisha iishapo, ilhali mnara wa mtoto haujafika hata kimo cha goti.